Kopo Dirishani kwa Zamira

Wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Basi mimi sikukonda, nilinenepa. Nilikula wivu asubuhi na jioni, miezi minne mizima, na aliyenilisha ni Zamira, mjane wa jengo la mkabala na letu pale Durres, mji wa bandari.

Tulikuwa meza moja kiwandani, tukichambua majani ya tumbaku. Mumewe alipofia kazini, kiwanda kilimpa televisheni. Wenzangu wakasema masikini. Nami nikasema moyoni, masikini gani huyo, mwenye televisheni na kiuno kile?

Besim, mume wangu, alikuwa fundi umeme wa kiwanda hichohicho. Kila Jumapili baada ya chakula alikuwa akiniaga kwamba anakwenda kutengeneza redio ya mtu. Redio gani hiyo isiyopona? Siku moja nikakaa nyuma ya pazia nikamfuata kwa macho. Akaingia jengo la Zamira. Haukupita muda, dirishani kwa Zamira likatokea kopo. Kopo langu! Kopo la bati la chai ya mlimani, alilonipa mama nilipoolewa, lenye maua ya buluu, lililobonyea ubavuni. Nilikuwa nimelitafuta kabatini wiki nzima, na Besim kaniapia kwamba hajaliona. Alipotoka, saa kumi na moja, kopo likaondolewa.

Jumapili iliyofuata vilevile, na iliyofuata tena. Wewe ungefikiri nini? Mimi niliona ishara: kopo likikaa mambo yanaendelea, kopo likitoka yamekwisha. Wana alama yao ya mapenzi, na alama yenyewe wameiiba jikoni kwangu.

Kugombana na Besim sikuweza. Siku zile mke akimpigia mumewe kelele, kesho yake Ndugu Nazmi, katibu wa chama kiwandani, anajua sababu. Watu walinong'ona hata wakiulizana chumvi iko wapi. Nikashika njia waliyoishika wengi, Karatasi ya Radi. Unaandika kosa la mwenzako kwa herufi kubwa, unabandika langoni, jina lake juu, lako chini, naye ana siku tatu za kujibu mbele ya kiwanda kizima. Mimi mwenyewe kila asubuhi nilikuwa nikipita pale natafuta kwanza jina langu, nisipoliona ndipo napumua.

Habari za mume sikuzitaja. Nani ajianike hivyo? Niliandika: "Ndugu Zamira atueleze. Kila Jumapili alasiri anaweka kopo la bati dirishani, upande wa bahari. Hii ni desturi gani, na anamwita nani?" Nikajiona mjanja kweli. Nilitaka aone haya, ababaike, amwachie mtu mume wake. Sikutaka zaidi ya hapo, haki ya Mungu, na Mungu mwenyewe chama kilikuwa kimeshampiga marufuku.

Nilitazamia kicheko. Watu wakasoma, wakaenda zao. Mezani hakuna aliyenitazama. Mzee Rakip, bawabu, mwenzake Besim wa kucheza dama, alinipita akaniuliza kwa sauti ya chini, "Lume, mwanangu, umefanya nini?" Nikamjibu kwamba ashike lango lake.

Siku ya tatu tukakusanywa ukumbini. Ndugu Nazmi akaweka kopo langu mezani. Ndani lilikuwa limejaa waya. Akatuambia, taratibu, kwamba kwa kidude kama kile adui anaingizwa sebuleni: televisheni inakamata matangazo ya Italia, ng'ambo ya bahari. Nikatazama nyuso za wenzangu, na hakuna hata mmoja aliyeshangaa. Wote walikuwa wanajua makopo ni ya nini. Mimi tu sikuwa nimeambiwa.

Akamuuliza Zamira nani kalitengeneza.

"Mimi mwenyewe."

Nazmi akacheka. Alimkumbusha kwamba mwezi uliopita aliita fundi kumfungia balbu. Zamira akarudia kwamba ni yeye, peke yake, hakusaidiwa na mtu. Nyuma ya ukumbi Besim akaanza kuinuka. Zamira akamtupia jicho moja tu, la kumkalisha. Naye akakaa.

Jicho lile ndilo lililoniua. Mimi kumwambia Besim akae hakai! Kumbe huyu yuko tayari kufungwa kwa ajili yake, mbele yangu, mbele ya kiwanda kizima, na mimi niliyeolewa nimekaa kama mgeni wa harusi. Hofu yote ikanitoka, ukabaki wivu mtupu. Nikasimama.

"Kopo ni langu," nikasema. "Na mikono iliyolitengeneza ni ya mume wangu."

Nilisikia fahari, nisidanganye. Ilidumu kama pumzi mbili. Halafu nikamwona Nazmi anaandika.

Besim alipewa miaka minane. Zamira alipelekwa uhamishoni, kijiji cha mabwawa, pamoja na baba mkwe wake, mzee aliyepooza. Mimi nilipigiwa makofi, kisha nikaletewa karatasi ya talaka, kwa sababu binti yetu asingepata shule akiwa na baba wa namna ile. Nikatia sahihi. Kabla Besim hajasafirishwa gerezani wakanipa dakika kumi za kumuaga.

Aibu iliyoje, cha kwanza nilichomuuliza kilikuwa kilekile. Mlikuwa mnafanya nini kule?

Akaniambia walikuwa wakisikiliza nyimbo. Yeye, Zamira, na yule mzee kitandani, sauti imeteremshwa mpaka inabidi mkaribiane na kioo. Mzee aliwahi kusoma Bari, kulekule Italia, ujanani, alikuwa akiwafasiria maneno. Basi.

"Na mimi mke wako? Usingeweza kunichukua hata siku moja?"

"Zamira kila Jumapili alikuwa ananiambia, mlete Lume. Hata kiti chako alikiweka."

"Mbona hukuniambia?"

Besim akaitazama mikono yake.

"Nilikuogopa," akasema.

Hakusema kwa hasira. Mlinzi akafungua mlango, akaniambia muda wangu umekwisha.