Mbwa Mkubwa wa Mama Waruguru

Wezi wa fujo za jaribio la mapinduzi, Agosti ya themanini na mbili, walipomaliza duka la mbao la Nduta, mama yake Waruguru, pale Mbotela, hawakumwachia hata msumari. Walibeba mbao, mabati na msumeno wa marehemu mumewe, na asubuhi askari wake wa usiku akapatikana amejikunyata ndani ya pipa. Hapo Nduta akaapa kwamba hatamlipa tena binadamu kulinda mali yake. Angenunua mbwa, na si hawa koko wa mtaani wanaotimua mbio wakirushiwa kokoto. Alikuwa amemwona mmoja nyuma ya ukuta wa kiwanda huko Industrial Area, mrefu kama ndama, kichwa kama ndoo. Gredeni, watu walimwita. Mbwa wa Kizungu.

Akaelekezwa kwa mzee Masinde, huko Njiru, mtu aliyefuga mbwa hao tangu alipostaafu upolisi. Masinde hakuwa na haraka. Alimtoa jike aliyewazaa watoto wa kuuzwa, akamtembeza mbele ya Nduta, akamrudisha, ili aone jinsi miguu ya nyuma inavyokanyaga. Kisha akamleta baba.

"Ukinunua mbwa wa namna hii popote, mama, dai kuwaona wazazi," alisema. "Mwili wake ni mzigo. Nyonga ikiwa mbovu, uzito wake mwenyewe ndio utakaomvunja. Sasa niambie, wako atalala wapi? Nani atashinda naye?"

"Mchana atakuwa kwenye mnyororo, usiku nitamfungulia," Nduta alisema. "Na chakula nitampimia. Mbwa akishiba halindi."

Masinde alisema atakuja kwanza apaone. Jumamosi iliyofuata alifika Mbotela mwenyewe. Akaangalia uwanja wa saruji, akaangalia nguzo ya mnyororo iliyokwisha kuchimbiwa, kisha akasema, mbele ya wateja wawili na kibarua wa Nduta aliyeitwa Mativo:

"Sitakuuzia, mama. Si kwa ubaya. Hapa ataharibika."

"Mzee, wewe unauza mbwa au unaoza binti?"

"Nauza mbwa. Lakini nauliza anakokwenda. Na niliyemuuza akimshinda mtu, anirudishie. Humpokea bila maneno."

Wateja wakacheka kidogo. Kicheko kile kilimkwama Nduta kooni kama mwiba wa samaki. Yeye, mjane aliyesomesha watoto kwa vumbi la mbao, leo anaambiwa hafai kufuga mbwa.

Muuza mbwa mwingine, Kabiru, hakumuuliza lolote. Alikuwa na banda la mabati Mukuru kwa Reuben, kando ya mtaro wa maji ya viwandani. Alimtoa mtoto wa mbwa, jike, kwenye kreti ya bia kwa kumshika ngozi ya shingo, akamning'iniza hewani Nduta apate kuona ukubwa wa nyayo.

"Mama yake yuko wapi?" Nduta aliuliza, kwani maneno ya Masinde yalikuwa bado yakimwasha.

"Nimempeleka shamba Kinangop apumzike. Kuzaa si mchezo, mathe."

Nyuma ya banda kitu kilikohoa. Nduta alikisikia. Akalipa.

Alimwita Malkia. Kwa miezi michache mtaa mzima ulipita dukani kumtazama. Alikua haraka ajabu, watoto wa shule wakawa wanamzungukia kwa mbali, na Nduta akaanza kusimama mlangoni jioni akiwa amemshika mnyororo, shingo yake mwenyewe imenyooka. Kisha Malkia akaanza kukaa upande. Akiitwa alichelewa kuinuka. Saruji ilimtelezesha. Nduta aliona ni uvivu, akamcharaza kwa kipande cha mbao, na mbwa akajitahidi, akasimama, akatetemeka, akaanguka kwenye mkojo wake. Alikuwa akimtazama Nduta usoni muda wote, mkia ukipigapiga saruji.

"Mama Waruguru, huyu anaumwa," Mativo alisema. Tangu siku ile akawa anampitishia gunia chini ya tumbo kila asubuhi, anamwinua kama mtu anayebeba mgonjwa. Wapita njia walisimama kutazama. Mwingine aliuliza kama mbwa anafundishwa kutembea.

"Yule mzee wa Njiru," Mativo alisema siku moja, "huenda akamchukua, hata kama si wake."

"Nikapige magoti mbele ya mtu kwa sababu ya mbwa?" Nduta alisema. "Lete mkokoteni."

Walimpakia wakampeleka Mukuru. Nduta alitaka pesa zake. Kabiru hakuwepo mbele, basi akazunguka nyuma ya banda, na hapo akamwona. Alikuwa jike mkubwa, mbavu zikihesabika, chuchu zikiburutika matopeni, amefungwa kwa waya. Alipojaribu kuinuka, nyonga zilimkatikia upande uleule. Alikohoa.

"Ndiye mama yake," Kabiru alisema, akitokea akijifuta mikono. Hakuona haya. "Baba ni yule pale. Naye ni mwana wa jike huyuhuyu."

"Ulijua?"

"Mathe, ulitaka mkubwa. Mkubwa nimekupa. Pesa sina, lakini niachie huyo, uchague mwingine. Nina dume hapa la wiki sita."

"Na huyu utamfanyia nini? Hasimami."

"Miguu haizai, mathe. Tumbo ndilo linalozaa."

Nduta alimtazama Malkia. Mbwa alikuwa amelaza kidevu ukingoni mwa mkokoteni akimfuata kwa macho. Akamfikiria Masinde, mlango wake ulio wazi, na jinsi angemtazama kuanzia kitambaa cha kichwa hadi viatu. Akafikiria duka lisilo na mlinzi, na wateja wale wawili.

"Nionyeshe hilo dume," alisema.

Mativo ndiye aliyemshusha Malkia. Alichukua muda. Kabiru akamfungia waya shingoni, na mbwa, alipoona mkokoteni unageuzwa, alijikokota kwa miguu ya mbele hadi waya ulipomkaba.

"Tunamwacha, Mama Waruguru?"

"Sukuma."

Huko Mbotela, Nduta aliwaambia watu kwamba Malkia amekufa, wakampa pole, naye akaipokea. Dume alilifunga kwenye nguzo kwa mikono yake.

Majuma yalipita. Jumatatu moja Mativo alichelewa kuanza kazi. Alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Jana nilipita Mukuru," alisema. "Nilimpelekea Malkia mifupa. Amekwisha kupandishwa. Alikuwa ameshikiliwa na watu wawili, mama, kwa sababu hawezi kusimama."

Nduta alikuwa akipima mbao. Aliweka alama kwa penseli, akairudia alama ileile mpaka penseli ikakatika ncha.

"Huyu umempa chakula?" aliuliza, akionyesha nguzoni.

"Bado."

"Mpe kidogo."