Tegemezi kwa Maandishi

Tangu alfajiri Corinne hatulii. Anakaa, anainuka, anafungua tovuti ya serikali kwenye simu, na jibu ni lile lile: hustahili. Aprili ile ya gonjwa la korona, mji mzima wa Toledo, Marekani, ilikuwa ikipokea dola elfu moja na mia mbili za kujikimu. Hata jirani yake, kijana asiyejua bei ya sabuni, ameshanunua televisheni! Corinne, mwanafunzi wa mwaka wa tatu, anayejilipia chumba, chakula na karo kwa mkopo na kwa kuoka piza, hakupata hata senti. Na mkahawa wa piza umeshafungwa. Ikifika Ijumaa bila kodi ya chumba, itabidi arudi kwa baba yake, alikotoka kwa jasho lake mwenyewe.

Saa nne uvumilivu ukamwisha, akapiga simu.

"Baba, kwenye fomu ya kodi ya mapato uliniandika tegemezi wako?"

"Kama kila mwaka," akajibu Wendell, fundi wa malori, mgane wa miaka sita. "Nilitia vema kwenye kisanduku, nikanywa kahawa yangu. Kwani vipi?"

"Vipi? Mwanafunzi aliyeandikwa tegemezi hapewi kitu! Na wewe hupewi cha mtoto, maana nimevuka miaka kumi na sita. Tumekosa wote! Hebu niambie, mwaka jana ulinilisha nini?"

"Bata mzinga wa sikukuu. Na mabaki ukabeba."

"Baba, sitanii!"

Wendell akaacha mzaha.

"Mama yako alipofariki nilimfuta kwenye ile fomu," akasema. "Nikabaki nawe tu. Sasa na wewe nikufute, mama? Mkono ulikataa."

Lo, Corinne angegombana vipi na neno kama lile? Lakini kodi ya chumba haijui huruma, naye akamwambia hivyo hivyo, akilia.

Mchana ule Wendell akajaza fomu ya marekebisho, akalifuta jina la bintiye, akaituma kwa posta. Kumbe ofisi zenyewe zimefungwa, barua zinarundikana na hakuna wa kuzifungua. Corinne akawa anazungukazunguka chumbani, simu mkononi, Jumatano, Alhamisi, hali yuko macho kwa wasiwasi. Ijumaa ikafika. Mwenye nyumba akachukua ufunguo wake, na Wendell akaja na gari.

Nyumbani kwa baba yake Corinne akakuta kitanda chake cha utotoni kimetandikwa shuka safi, na supu iko mezani.

"Kula, mama," Wendell akasema kwa aibu. "Mwakani nikitia ile vema, angalau sitakuwa nimedanganya."

Corinne akashika kijiko. Kilichomuuma kuliko yote ni kwamba hakuwa na la kubisha.