Mfasiri wa Steshenari ya Maximilla

Jua lilipoanza kuzama, Maximilla akiwa anafuta kioo cha mashine ya fotokopi, marehemu mumewe aliingia, akavuta kiti cha wateja, akakaa. Zena wa duka jirani la vitenge alimwona akipita, akasema tu kwamba leo kawahi.

Kazi ilikuwepo. Kampuni moja ya ng'ambo ilihangaika huku na kule kutafuta mtu wa kufasiri maandishi ya kijeshi kutoka Kihispania kwenda Kihungaria, ikakosa, mwishowe ikaiandikia steshenari hii ya Kibondo. Ntirampeba, mumewe huyo, alizijua lugha zote mbili. Alizipata hukohuko aliko, tangu alipovuka mpaka pale Mabamba kwenda kuangalia shamba la mama yake upande wa Burundi, akakanyaga bomu la ardhini, na mwili usionekane. Kirundi ndicho kilichomtoka. Alikisikia, lakini kukisema hakuweza.

Alisoma kwenye kompyuta, akatamka, Maximilla akachapa bila kuuliza maana. Mteja akisema, wewe chapa. Ndivyo steshenari inavyokwenda. Michoro ya kitabu hicho Maximilla aliielewa: namna ya kutega mabomu njiani na kuyafukia yasijulikane.

Jamani, kukaa na mumeo bega kwa bega kila jioni, usipate hata "mwiriwe" moja ya kusalimiwa kwa Kirundi! Alipokuwa mjane tu, upweke ulikuwa na nafuu.

Walipofika ukurasa wa mwisho akaona asipouliza leo, basi tena.

"Baba Akimana," alisema kwa Kirundi, "umelala wapi, nije nikuzike?"

Alimjibu, kwa kirefu, kwa Kihungaria. Vidole vya Maximilla vikachapa yote kwa mazoea, vikatuma.

Kampuni ilijibu kwa Kiingereza kwamba kazi ni safi, ila mwishoni kulikuwa na maneno yasiyokuwemo kwenye kitabu, sijui kichuguu nyuma ya kisima cha mama. Wameyafuta.

Maximilla alikijua kichuguu hicho. Kesho yake alipanda bodaboda hadi Mabamba, na jembe, na shuka jeupe. Askari wa mpakani alimpokea kwa upole, akamwonyesha njia ya kisimani, imefungwa kwa utepe mwekundu. Mabomu hayajateguliwa, alisema, wataalamu bado wanasubiriwa. Akarudi na shuka lake.

Alikuta ujumbe. Kitabu cha pili kimekuja, kinene zaidi, na wanamtaka mfasiri yuleyule. Akakipangusa vumbi kiti cha wateja, akawasha kompyuta. Mlango ulipofunguka akasema, "Mwiriwe," akajiitikia mwenyewe, akaanza kuchapa.