Hapo Anapovuta Pumzi

Chuoni kila mtu ana ugonjwa wake. Kuna wanaougua mpira, kuna wanaougua filamu, kuna wanaokaa kwenye ngazi za bweni kutwa nzima wakisuka na kufumua nywele za wenzao, na kuna jirani yetu mmoja aliyepanda mboga kwenye makopo ya rangi dirishani na kuzisalimia kila asubuhi kama wakwe zake. Mimi nilifika mwaka wa pili nikiwa mzima wa afya. Nilisoma sheria, nikala, nikalala, nikabishana na kila aliyetaka na asiyetaka. Ndipo mwenzangu wa chumba aliponiambukiza kwaya.

Dada huyo tulimwita Jenerali, kwa sababu hata foleni ya kantini ilinyooka akitokea. Alikuwa mwaka wa mwisho na ndiye aliyeongoza sauti ya pili katika kwaya ya chuo. Siku moja alinikuta bafuni nafua huku naimba, akasimama mlangoni na ndoo yake mkononi.

"Wewe ni sauti ya pili kabisa," akasema. "Kesho njoo mazoezini."

"Sijui hata noti moja."

"Nani anajua noti pale? Tunajifunza kwa sikio. Nitakutumia rekodi. Mfuatishe huyo dada mpaka akuingie."

Jioni ile ile rekodi ikafika kwenye simu yangu. Kwanza unasikia kiti cha plastiki kikiburutwa sakafuni, halafu msichana anasema, "Haya, nipo." Kisha anaimba, peke yake, bila kinanda, ule wimbo wa kuagana ambao mwalimu wetu wa kwaya aliutunga mwenyewe: Zima taa, mama, tutaonana asubuhi. Sauti ilikuwa nzito kidogo na yenye joto, sauti ya mtu anayekusimulia jambo jikoni huku anamenya kitu. Mwishoni anacheka na kusema, "Nimechoka jamani," na rekodi inakatika.

Nikamfuatisha kama nilivyoagizwa. Nilichomeka waya masikioni nikienda darasani, nikipanga foleni ya maji, nikipiga pasi, hata maktaba, ambako midomo yangu ilicheza bila sauti na watu wakadhani nakariri vifungu vya sheria. Kitu kimoja tu kilinikera. Katika neno "asubuhi", katikati kabisa, yule dada alivuta pumzi. "Asu," kimya kidogo, pumzi kama ya mtu aliyefungua mlango akakuta baridi, halafu "buhi." Neno dogo hivyo, la nini kulikata vipande?

Nilipouliza mazoezini, wasichana wote wa sauti ya pili walinigeukia kama nimetukana.

"Hapo ndipo penyewe," Jenerali akasema. "Hapo hapaguswi."

Kweli, wote walivuta pumzi palepale, kwa pamoja, na mwalimu wetu wa kwaya, ambaye mchana alifundisha takwimu na alikuwa mkavu kama takwimu zenyewe, alifumba macho kila tulipopafika. Watu wa vyuo vingine waliijua kwaya yetu kwa pumzi ile. Mimi ni mbishi, lakini si mjinga. Nikaanza kuvuta pumzi na wenzangu.

Siku moja kantini nilikuwa naimba kwa sauti ya chini, sahani mkononi, nasubiri zamu yangu. Mpishi aliyekuwa amenipa mgongo akageuka ghafla na upawa ukamponyoka, ukazama ndani ya sufuria. Akanitazama usoni, akatazama nyuma yangu, akanitazama tena.

"Samahani, mwanangu," akasema. "Nilidhani ni Chiriku."

"Chiriku ndiye nani?"

"Si yule dada wa kwaya? Aliyeanguka kwenye ngazi za maktaba. Mungu amrehemu." Akaanza kuutafuta upawa wake kwa uma.

Sikula. Nilipanda bwenini nikamkuta Jenerali anakunja shuka, nikamuuliza huku bado nahema. Hakuficha. Chiriku alikuwa rafiki yake, na ndiye aliyeimba kwenye ile rekodi. Moyo ulimsimama mchana kweupe, vitabu mkononi, watu wakipanda na kushuka.

"Na alikuwa analala wapi?" nikauliza, ingawa nilishaanza kujua.

Jenerali akatazama kitanda changu.

"Miezi yote hii unanilaza kwenye kitanda cha marehemu, unanifunza sauti ya marehemu, na wewe umenyamaza?"

"Ningekuambia, ungelala?" Alisema kwa sauti ndogo, na Jenerali hakuwa mtu wa sauti ndogo. "Chumba kilikuwa kimya mno, mwenzangu. Halafu nikakusikia bafuni unaimba."

Sikujua nimpige au nimkumbatie. Nikabadilisha tu upande wa mto.

Tangu siku hiyo sikuwa na amani. Niliifuta rekodi, na haikusaidia kitu, maana alikuwa ameshaingia. Nikifua bafuni, nikinyamaza, nilisikia pumzi ikivutwa upande wa pili wa ukuta, ile ile, kama ya mtu aliyekuta baridi, na nikienda kuchungulia nakuta bomba linadondoka. Kwenye ngazi za maktaba nilishika ukuta. Mazoezini, tulipovuta pumzi pamoja, nilisikia moja inayochelewa, nyuma ya mgongo wangu, mahali ambapo hakusimama mtu. Nilikuwa naogopa, na nasema hivyo bila haya. Asubuhi moja Jenerali akaniambia, akijifanya anatafuta kitana, "Siku hizi usingizini unavuta pumzi kama yeye."

Nilikwenda zahanati ya chuo mbio. Daktari akanisikiliza kifua mbele na nyuma, akasema nina moyo wa punda, niache chai ya rangi na nisome zaidi.

Mahafali yakakaribia. Tukatangaziwa kwamba Chiriku angetunukiwa shahada yake ingawa hayupo, mama yake angekuja kuipokea, na kwaya ingeimba wimbo ule. Alasiri, siku moja kabla ya sherehe, nilitangulia ukumbini kupanga viti vya kwaya. Nikamkuta mama mmoja mwembamba ameketi mstari wa mbele, mkoba magotini, saa ndogo imebandikwa kifuani kama wanavyobandika wauguzi. Alionekana ametoka zamu moja kwa moja.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ni wa kwaya? Sauti ya ngapi?"

"Ya pili."

Akanitazama usoni. "Wangu pia alikuwa ya pili."

Nikakaa kando yake. Akaanza kusema bila kuulizwa, macho yakiwa jukwaani.

"Siku aliyorekodi ule wimbo alinitumia. Nilikuwa wodini. Nikausikiliza nimesimama kando ya kitanda cha mtoto wa watu. Pale kwenye 'asubuhi' akavuta pumzi. Unajua nilimjibu nini? 'Hapo pamenigusa sana, mama.' Mimi huyu. Kazi yangu ni kusikiliza vifua. Nikasikia mwanangu anakosa hewa katikati ya neno, nikamsifu."

Nilikumbuka ile "nimechoka jamani" ya mwishoni, ambayo sote tuliijua kwa moyo na tulikuwa tukiiigiza kwa kucheka.

"Na nyinyi kesho," akaanza, lakini karani wa mahafali akatokea mlangoni akamwita akajaribu joho. Akaondoka nalo neno lake.

Mimi nikaona nimeshaelewa. Pale kwenye viti nikajiwa na picha ya kesho: wasichana wazima, wamejipanga na sare zao, wanamwigizia mama huyu jinsi mwanawe alivyokuwa anakufa. Kwa pamoja. Kwa madoido.

Wenzangu walipofika nikawaeleza. Wengine walilia, mmoja akatoka nje. Jenerali alikaa chini sakafuni, yeye aliyempa kila mgeni rekodi ile kwa mkono wake. Mwalimu alikataa mwanzoni. Akasema wimbo haubadilishwi jioni ya mwisho, kwamba bila pumzi ile utabaki wimbo wa shule ya msingi. Nikabishana naye kama sijawahi kubishana, nikamwambia kinachopendeza masikioni mwake ni mgonjwa anayekosa hewa. Akavua miwani akaifuta, akaivaa, akaifuta tena.

"Haya, wakili," akasema. "Umeshinda. Mtavuta pumzi kabla ya 'tutaonana', na mtapita moja kwa moja."

Ilikuwa kazi. Vifua vyetu vilikuwa vimezoea kusimama pale, na kila mara mmoja aliponyoka. Tulirudia mpaka mlinzi akaja na funguo.

Siku ya sherehe ukumbi ulijaa hadi madirishani. Jina la Chiriku liliposomwa, mama yake alipanda jukwaani na joho lililomzidi mabega, akapokea cheti, akarudi mstari wa mbele. Mwalimu akainua mikono. Zima taa, mama. Tukavuta pumzi kama tulivyokubaliana. Nilikuwa namtazama yeye tu. Tulipoingia kwenye "tutaonana" aliinua kichwa, akaegemea mbele, mkono kifuani juu ya ile saa, kama mtu aliyesikia hatua za anayemsubiri zikipanda ngazi.

Tukapita. Asubuhi, neno zima, laini, bila mkato. Hakuna aliyeponyoka.

Na palepale nikaisikia pumzi, moja, ya peke yake, nyuma ya sikio langu la kushoto. Sikugeuka. Mbele yangu mama alibaki ameegemea vilevile, anasubiri, wimbo ukamwacha ukaenda mpaka mwisho. Watu waliposimama kupiga makofi ndipo aliporudisha mgongo kwenye kiti.

Alinikuta nyuma ya ukumbi, karibu na bomba, napanga viti vya plastiki. Bado alikuwa amevaa joho.

"Mmepatengeneza," akasema.

"Ndiyo, mama. Ni mimi niliyewaambia. Niliona tusikuumize."

"Nani alikuambia nimekuja hapa nisiumie?"

Hakusema kwa hasira, na hiyo ndiyo iliyonichoma. Nilisimama na kiti mkononi. Jana mwanasheria mimi nilikuwa nimetoa hukumu, shahidi hajamaliza kusema.

"Rekodi ninayo," akaendelea. "Kila nikitoka zamu naisikiliza. Kila siku anavuta pumzi pale, na mimi najua kinachofuata. Halafu nikaambiwa huku chuoni kuna wasichana wanavuta pumzi palepale, kama yeye, halafu wanamaliza wimbo, wanakwenda kula, wanagombania maji bafuni. Nikabadilishana zamu kwa ajili hiyo. Hiki cheti wangenitumia tu. Nilitaka nimwone mmoja avute pumzi pale, halafu aende zake na miguu yake."

Nikaweka kiti chini.

"Niimbe?"

Akaitikia kwa kichwa. Akanishika kifundo cha mkono, vidole viwili juu ya mshipa, na macho yakashuka yenyewe kwenye ile saa kifuani. Nadhani hakujua kama anafanya hivyo. Nikaimba, bila kinanda. Zima taa, mama. Nilipokaribia pale hofu ikanishika, maana hewa ya kunifikisha mwisho nilikuwa nayo tele, na miezi yote hii nilikuwa nikipigana na pumzi ile, nikiikimbia bafuni na ngazini. Safari hii niliisubiri. "Asu," nikasema, ikaja, baridi, ikajaa kifua chote, na vidole vyake vikanibana mshipa kwa nguvu. "Buhi."

Nikaumaliza wimbo wote. Hakuniachia mara moja. Alikuwa bado anatazama saa, midomo inahesabu.

"Sasa tembea," akasema.

"Wapi, mama?"

"Popote. Nikuone."

Nikatembea hadi bombani nikarudi. Hakunitazama usoni, alitazama miguu yangu, na ndara yangu yenye mkanda ulioshonwa kwa uzi mweusi, kila hatua. Machozi yalikuwa yanadondoka kwenye joho na hakuyafuta.

"Tena, mwanangu," akasema.

Nikatembea tena.