Koti la Rubani wa Majini

Usingizi wa alasiri una wenyewe, na Mdoe si mmoja wao. Yeye ni fundi cherehani, mtu wa kulala saa watu wanazolala. Lakini leo joto la Tanga limemkalia mabegani, na juu ya joto hilo amejivika koti la sufu, jeusi kama sufuria ya msibani, vifungo vyake vina nanga, na juu ya mkono wa kushoto mabawa yametariziwa kwa nyuzi za dhahabu. Koti la rubani wa jeshi la majini, la mzungu. Mtu mwenye akili timamu angelivua. Mdoe amekaa nalo kwenye kigoda kando ya kitanda cha mama yake, Bi Mwantumu, ambaye tangu juzi hali wala hanywi, na kope zinamwelemea. Koti amelitoa asubuhi kwa Shekue, muuza mitumba, belo likiwa ndiyo kwanza linakatwa kamba. Kila fundi wa mjini hujua kwamba nguo za belo hulazwa kwenye maji ya chumvi kabla ya kuvaliwa, aliyezivaa kwanza apate kuziachia. Shekue akamcheka. Jaribu, shemeji, akamwambia, mwenyewe kafa Ulaya, na kwa nauli ya siku hizi hakufuati. Mdoe akalijaribu, likamkaa, hakulivua tena.

Haraka yake ina sababu. Baba wa Bi Mwantumu, Kopwe, wakati wa vita kuu ya pili alikuwa akijaza mafuta ndege za wanamaji kwenye uwanja ulioko nje ya mji. Siku moja akapanda ndege na rubani mmoja mwenye shingo ndefu, basi. Rubani alionekana baada ya wiki, mzima, anavuta sigara, kisha akahamishwa. Kopwe hakuonekana. Ukoo ukajadili na kuamua: huyo kashuka mahali, kakimbia, kaoa huko. Kwao, mtu akifa, siku ya kuondoa matanga mrithi huvishwa nguo ya marehemu mbele ya watu, huulizwa wewe nani, naye hujibu kwa jina la marehemu. Kuanzia hapo ugomvi wa marehemu ni wake, na ahadi za marehemu ni zake. Kopwe hakuwekewa matanga, maana mtoro hana matanga. Bi Mwantumu akazaliwa baadaye, akaitwa mtoto wa mtoro mpaka meno yakamwisha, na sasa anakufa na ombi moja tu: baba yake azikwe kwa maneno, kama si kwa mchanga. Mkubwa wa ukoo, Mzee Mhando, mdogo wake Kopwe, amekaa pale mlangoni na bakora yake na jibu lake ni lile lile. Nileteeni kifo chake, husema, msiniletee kutoweka kwake. Ndiyo maana Mdoe amekuwa akimtafuta yule rubani, alikotoka, alikopelekwa, akiwauliza vibarua wazee wa uwanja wa ndege. Mmoja anamkumbuka kwenye meli, mwingine anasema aliwahi kuchoma bandari ya watu huko kaskazini, wa tatu anaikumbuka shingo tu. Kama koti hili ni la yule yule, nani ajuaye? Wanamaji warukao angani ni wengi na makoti yao ni pacha. Ila mfa maji haachi kutapatapa, na Mdoe anatapatapa kwa kusinzia, kidevu kifuani, hadi sakafu ya udongo chini ya miguu yake inakuwa lami.

Ni lami nyeusi, pana, imenyooka, na haina mwisho upande wowote, njia ya kurukia ndege iliyosahau mahali pa kuishia. Anatembea. Hatembei kwenda, anatembea tu, na kila akiinua mguu njia inateleza chini yake kama kitambaa chini ya sindano. Pembeni yake kuna mtu amevaa kofia ya baharia, na chini ya kofia hamna uso, ngozi tupu, laini, kama mgongo wa kijiko. Mdoe anataka kukimbia, lakini mtu huyo anampigia saluti, na mkono wa kushoto wa koti unajiinua wenyewe kuijibu. Bwana amechelewa, anasema asiye na uso, bila mdomo, sauti ikitoka mahali fulani kwenye kola. Mdoe anamwambia mimi si bwana, mimi fundi. Yule anajibu kwamba nguo haijui fundi, nguo inajua aliyeivaa. Basi nipeleke kwa Kopwe, anasema Mdoe, mjaza mafuta. Asiye na uso anawaza, au anasimama tu, kwa mtu wa namna hiyo huwezi kutofautisha. Kisha anasema, viti viwili, mwavuli mmoja, nani mwenye nyumba? Mdoe hajui. Utajua ukifika, anaambiwa, lakini hufiki mbele, unafika nyuma, kwa hiyo tutapita kwanza ulikopita.

Wanapita alikopita. Mji wa kwanza una cherehani kila mlango, na Mdoe anafarijika kidogo, anaona hapa ni kwao. Hapa si kwao. Wanawake wasio na nyuso wanatarizi mabawa ya dhahabu, na vijana wamepanga foleni, mikono ya kushoto wazi, na mabawa yanashonwa juu ya ngozi, si juu ya nguo. Hakuna anayelia. Mmoja anamgeukia Mdoe, anamwambia shingo yako imekuwa fupi, mwenzetu, kulikoni, na wote wanacheka, na uzi unavutwa, na damu inashuka taratibu mpaka kwenye vidole. Mdoe anasikia mkono wake mwenyewe unawasha ndani ya sufu. Haangalii.

Mji wa pili uko mara mbili, mmoja umesimama na mwingine umening'inia chini yake, kama bandari ionekanavyo majini, ila maji hayapo. Wa juu ni mzima, una maduka, misikiti, nguo zimeanikwa. Wa chini ni ule ule, umeungua. Lami inapita katikati, ukikanyaga mguu mmoja uko kwa walio hai, ukikanyaga mwingine uko kwa majivu. Mwanamke wa chini anaunyosha mkono na kulishika pindo la koti. Anasema ulipita hapa asubuhi, tulikuwa tunakaanga mandazi. Mdoe anataka kusema si mimi, neno liko tayari ulimini, kisha anakumbuka mila za kwao na neno linamgeuka. Kafa Ulaya yule, hana mwingine aliyevaa nguo yake. Aliyeivaa ni yeye, bila maji ya chumvi, bila kuulizwa, na siku ya matanga huwa huchagui. Ukipokea shamba unapokea na kesi ya mpaka. Mdomo wake unasema pole, mama. Mwanamke anaiangalia ile pole kama mtu aliyerudishiwa nguo ya mtu mwingine, anaachia pindo, anarudi kwenye karai lake la majivu. Asiye na uso anasema, umeona, hapo ndipo ulipopewa nishani. Mdoe anamwambia nyamaza. Anatii, maana koti lina cheo.

Kisha harufu ya petroli, na Mdoe anajua wamefika kabla hajaona kitu. Ni Tanga, lakini Tanga ya kwenye kioo, bahari iko upande wa nchi kavu, na minazi ya kushoto iko kulia. Ndege iko angani juu ya uwanja, imesimama pale pale, hairuki wala haishuki, injini inanguruma, na bawa moja linafuka moshi ambao nao haupandi. Anauliza atafikaje huko juu. Asiye na uso anamwambia huku kila mtu hupanda kwa alichokimbia, na kabla Mdoe hajapinga miguu yake imeacha lami na amekaa kwenye kiti cha mbele, kitupu, mikanda imefunguliwa. Nyuma yake, kwenye kiti cha pili, yuko kijana wa miaka ishirini na kitu, amevaa kaptula ya kibarua, mikono imepitishwa juu ya kiti cha mbele na imeushika usukani kwa nguvu hata vifundo vimekuwa vyeupe. Ana uso. Katika nchi yote ile ni yeye tu mwenye uso, na ni uso wa Bi Mwantumu.

Mdoe anaanza kusema babu. Kijana anamtangulia.

Umerudi, bwana.

Hasemi kwa hasira. Anamtazama, anachungulia koti, na kitu kama kicheko kinampita. Umelizeesha koti, anasema. Viwiko vimelika, ulikuwa ukikaa sana mezani. Na kiunoni limefunguliwa mishono, likaongezwa. Umenenepa, bwana. Kumbe kuna chakula huko.

Mdoe anagusa kiuno cha koti na vidole vyake vya fundi vinaupata mshono ulioongezwa. Asubuhi nzima alikuwa nalo na hakuuona. Aliyevaa koti hili alirudi kwao, akaoa, akala, akazeeka, nguo zake zikagawiwa. Anajua sasa kwamba akilivua, kijana huyu atamtambua, na anajua pia kwamba akilivua hatakuwa na kazi tena hapa, ataamka mikono mitupu, hana kifo cha kumpelekea Mzee Mhando. Analiacha mwilini. Anauliza kwa sauti isiyo yake: Mara ya mwisho nilikuambia nini?

Kopwe anashangaa bwana kusahau. Anasimulia bila kuachia usukani. Ulikuwa mzaha tu, mimi nilisema hizi ndege zenu ni makelele matupu, wewe ukasema panda uone. Tukapanda, nikaona. Moshi ulipoingia ukavaa mwavuli ule mmoja wa kurukia, ukanishika mikono, ukaiweka hapa.

Kisha?

Ukasema, shika hapa, nakuja.

Injini inanguruma. Chini, Tanga ya kwenye kioo haisogei. Mdoe anaangalia mikono ile na anaelewa kwa nini mtu huyu hajafika nyumbani miaka yote hii. Hakukimbia. Hata kufa hajapata nafasi ya kufa, yuko zamu. Aliambiwa ashike, ameshika.

Niachie sasa, Mdoe anasema. Nimekuja.

Ahadi ya marehemu ni ya mrithi. Anapeleka mikono yake juu ya ile mikono, kidole kwa kidole, na usukani ni wa baridi, una nguvu kama mnyama aliyefungwa. Kopwe anaondoa mkono mmoja, anausubiri ulimwengu uanguke, hauanguki, anaondoa wa pili. Anaikunja na kuikunjua. Ananyanyuka, na kwa mara ya kwanza anamtazama usoni badala ya kulitazama koti. Wewe si bwana, anasema. Wewe nani?

Mtoto wa Mwantumu.

Mwantumu ndiye nani?

Mkeo alikuwa na mimba, babu.

Kopwe anasimama vile, mguu mmoja nje ya ndege, na anasema jina hilo polepole, Mwantumu, kama mtu anayejaribu kiatu. Anauliza yuko wapi. Mdoe anamwelekeza kwa kidevu, maana mikono ina kazi, nyumba ya tatu kutoka kisimani, mlango uko wazi, mdogo wako amekaa kizingitini. Kopwe anashuka bila kuaga. Ndege inajiinamia upande wa kushoto, Mdoe anavuta, inanyooka, inajiinamia tena.

Anafumbua macho. Chumba, kigoda, kitanda, jua la alasiri limefika ukutani. Mama yake amekaa kitako, yeye ambaye tangu juzi hageuki bila kugeuzwa, na anamtazama mtu aliye kati ya kitanda na mlango ambapo hapana mtu. Bi Mwantumu anasema, mbona kijana hivi, mimi nilidhani utakuwa mzee. Anacheka kidogo, aibu ya mtoto mbele ya mgeni. Anajilaza, anavuta pumzi, na pumzi haitoki tena.

Mlangoni bakora imeanguka. Mzee Mhando hajaiokota. Kaka amenipita hapa, anasema, ananuka petroli, hakunisalimia. Anasema matanga yatakuwa mawili, wapige mbiu, mtoro hakuwa mtoro. Majirani wanaanza kuingia, na mwanamke mmoja analia kwa sauti. Mzee Mhando anakuja kando ya kitanda. Mdoe, anasema, mfumbe mama yako macho.

Mdoe anayaona macho yale, yako wazi, yako karibu. Mikono yake iko mbele ya kifua, imekunjwa juu ya hewa tupu, vifundo vyeupe. Anasikia vilio vya msibani, na chini ya vilio anasikia mngurumo, au labda mngurumo ndio uliotangulia na vilio viko chini yake.

Siwezi, babu, anasema. Nikiachia tutaanguka.

Mzee anamshika mkono, anajaribu kumkunjua kidole kimoja, na wote wawili wanaisikia sakafu ikiinama kidogo upande wa kushoto.