Sahani ya Umwali

Nilipoambiwa kwamba watafiti wanakuja Ngungu kuchunguza watu wanaokataa kula, nilicheka mpaka chujio la maziwa likaniponyoka. Kwetu mtu hakatai chakula. Chakula ndicho kinachomkataa mtu. Unapanda viazi, unakimbia risasi, unarudi unakuta wameshavila wengine. Halafu anakuja kijana wa Goma mwenye viatu safi kutuambia eti kuna ugonjwa wa kutokula! Nikasema hawa wamekosa kazi.

Kumbe mgonjwa nilikuwa naye nyumbani kwangu.

Binti yangu Umwali alikuwa na miaka kumi na saba. Alianza kufunga wakati wa Kwaresima pamoja na vijana wenzake wa kikundi cha sala. Pasaka ilipofika wenzake walirudi kwenye bugari, ugali wetu, na maharage yao, yeye akaendelea. Alisema anafunga kwa ajili ya Mucyo, mtoto wa shangazi yake, aliyekwenda Walikale kutafuta kazi kwenye machimbo ya Bisie na simu yake ikanyamaza. Kanisani walimsifu. Kadiri mashavu yake yalivyobonyea ndivyo sifa zilivyozidi, na mimi mama yake nilikaa kwenye benchi nimevimba kwa fahari. Nani asiyependa mwanawe asifiwe?

Siku moja alianguka zizini akiwa amebeba kibuyu cha maziwa. Muuguzi wa kituo cha afya alimpima, akatikisa kichwa, akatupeleka chumba cha nyuma kwa yule yule kijana wa viatu safi. Jina lake Samy, na kazi yake ilikuwa kutibu magonjwa ya akili. Nilijiandaa kumcheka tena, lakini alichosema kilinikata maini.

"Mama Umwali, muntu mwenye kufunga, siku ikifika anafungua. Huyu mutoto anataka kufungua, lakini hawezi tena. Ile haiko maombi. Iko maladi, na inauaka watu."

Umwali alikuwa akitazama sakafu.

Samy akanieleza utafiti wao. Walitaka kujua kama ugonjwa huo unaweza kutibiwa nyumbani, na familia yenyewe, bila kumlaza mtoto hospitali. Mama anapakua chakula, anakaa mbele ya mtoto, anamtazama mpaka sahani iishe. Hagombezi, habembelezi, haondoki. Nusu ya familia zingeanza mara moja, nusu nyingine zingengoja, ili walinganishe. Tulipiga kura kwa maharage. Mimi nilitoa jekundu, maana yake tuanze. Mama aliyekuwa kando yangu alitoa jeupe, akauliza kama anaruhusiwa kuchukua tena. Nilimwonea huruma, ila si huruma ya kumpa langu.

Tatizo lilikuwa pale kwenye kutazama. Sisi watu wa ng'ombe tumelelewa kwamba mtu mzima hatazamwi mdomo akila. Kumtazama ni kumhesabia matonge, ni kumwambia chakula chako kinaniuma. Mimi na marehemu mume wangu tulikaa miaka yote ile, sijawahi kumkodolea macho akitafuna. Na mambo ya mwili wa msichana kwetu si ya mama, ni ya masenge, yaani shangazi yake kwa baba. Masenge ndiye anayemfunda, ndiye anayemwambia yale ambayo mama akiyasema wote wawili wanaona haya. Kwa hiyo nikamwambia Samy kwamba wifi yangu Joséphine-Marie ndiye atakayekaa na Umwali.

"Metodi inasema mama," alijibu.

"Metodi yako haijue masenge. Kwetu masenge njo mukubwa kuliko mama."

Alikuna shingo, akasema sawa, tujaribu.

Joséphine-Marie alikubali haraka kuliko nilivyotegemea. Alikuwa kiongozi wa kikundi cha sala, mama yake Mucyo, mwanamke ambaye nilizaa mikononi mwake. Kila adhuhuri alikuja. Mimi nilipakua viazi, maharage, kikombe cha maziwa na kipande cha fromaji, jibini ninayotengeneza mwenyewe, nikaweka mezani, nikatoka. Nilipita mlangoni kwenda kwa ndama nikiwa nimegeuza uso, kama adabu inavyotaka. Sahani ilitoka imelambwa.

Kituoni mizani ilipanda. Samy alifurahi mpaka akapiga simu kwa wakubwa zake Goma. Mimi nilikuwa naona mifupa ya shingo ya Umwali bado imesimama, na nywele zake zikibaki kwenye kitana, lakini nani atabishana na mizani? Aliyenenepa wazi wazi alikuwa wifi yangu. Nilimtania, "Joséphine-Marie, maombi ya hapa kwangu inakupatia mashavu!" Alicheka, akajipangusa mdomo kwa kitenge.

Kisha ikaja siku ya soko ambapo barabara ilifungwa na watu wenye silaha. Tulirudishwa njiani na maziwa yetu. Nilikuwa nimechukia, nikaingia nyumbani kwa mlango wa nyuma, bila kubisha hodi wala kukumbuka kwamba ni saa ya chakula.

Umwali alikuwa amepiga magoti kwenye mkeka, macho yamefumbwa, midomo ikitembea. Joséphine-Marie alikuwa mezani. Sahani ya mwanangu ilikuwa mbele yake, na tonge lilikuwa mdomoni mwake.

Alinitazama bila kutafuna. Machozi yalikuwa yakimtiririka, akila huku analia kama mtu anayemeza dawa chungu, na hilo lilinichoma zaidi kuliko kama angekuwa anacheka.

"Tema," nilimwambia.

Akameza.

"Mucyo iko mikononi mwake," alisema. "Akikula, nani atamushika mutoto wangu? Ningefanya aje? Sahani ilipaswa kutoka tupu, na maziwa haimwagwake, ni mwiko."

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Nilikuwa nimekisema mara nyingi kwa watu wengine, kwa mdomo mwepesi. Siku hiyo kilikuwa kimekaa kwenye kiti changu. Nilimshika wifi yangu kwa kitenge nikamtoa nje mbele ya majirani, nikamwita mchawi, nikamwita fisi, nikamwita majina ambayo sikujua ninayajua. Nilipogeuka, Umwali alikuwa ameanguka kwenye mkeka, na safari hii hakuamka nilipomwita.

Tulimpeleka hospitali ya Kirotshe kwa pikipiki, mimi nyuma nimemfunga kifuani kwangu kwa kitenge kama mtoto mchanga. Hakuwa mzito. Njia yote ile ya mawe na tope nilikuwa nikisikiliza kama bado anapumua.

Madaktari walisema moyo umechoka, chumvi za mwilini zimeisha, wamrudishie chakula kidogo kidogo, maana kingi kwa mara moja kingemuua. Akifungua macho akakubali kula, atapona. Asipokubali, hawakumalizia. Samy alikuja kutoka Goma. Umwali alipozinduka, yeye mwenyewe alimwambia ukweli kwa sauti ya chini: kabla ya kila kupimwa alikuwa akinywa maji mpaka tumbo linakaza. Samy alikaa kitandani, akafunika uso kwa mikono.

"Niliambia watu inapona," alisema. "Kuko mama mwenye kungoja na haragwe yake mweupe, nilimuambia asiogope, juu Umwali anapona."

Nilimhurumia, na nilimchukia pia kwa sababu alikuwa amenisikiliza.

Kesho yake simu yangu ililia. Namba sikuijua. Nyuma ya sauti kulikuwa na mtoto mchanga analia.

"Tanti, ni Mucyo. Mama anasema Umwali iko hospitali. Iko aje?"

Nilimuuliza anapiga kutoka kwa wafu au wapi. Akacheka, akasema yuko Walikale, ana kazi, ameoa, huyo anayelia ni wa kwake. Akashangaa kwamba sijui.

"Mama hakukuambia? Nilimupigia zamani, wakati munavuna maharage. Nilimuambia sitarudi tena Ngungu, aniombee tu."

Wakati wa kuvuna maharage! Yale maharage ya kura yalikuwa ya mavuno hayo. Joséphine-Marie alijua kabla hajala sahani ya kwanza.

Nilimpigia. Alipokea mara moja, kana kwamba alikuwa ameishika simu mkononi.

"Nilitaka arudi," alisema. "Mungu alisha kumufikisha ku simu. Niliwaza, Umwali akikazana kidogo tena, atamufikisha na ku nyumba."

Nilikata.

Samy alinishauri nimwambie Umwali, tena nimwambie kweli, kwa sababu mtoto ameshadanganya na kudanganywa vya kutosha. Niliogopa ataamini kwamba njaa yake ndiyo iliyomwokoa Mucyo. Lakini niliingia, nikakaa ukingoni mwa kitanda, nikamwambia yote: mke, mtoto, simu, mavuno ya maharage.

Alivuta shuka mpaka kidevuni.

"Masenge alijua?"

"Alijua. Na alikula chakula yako na akijua."

Nikaufungulia mdomo wangu. Nilimwambia huyo si masenge, ni nyoka. Kwamba hatakanyaga kwangu hata siku ya mazishi yangu. Kwamba ametusaliti sote, mimi, yeye, marehemu baba yake. Nilizungumza mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akageukia ukuta. Umwali aliniacha nimalize.

"Na weye?" akauliza.

"Miye nini?"

"Nilikuwa nasikia miguu yako inje. Kila midi, saa ya chakula, unapita ku mulango. Maji nilikuwa nakunywa, njo, nilikuwa nabadanganya ku mizani. Lakini ile sahani, kila siku niliwaza: leo Mama ataingia. Ataona tu. Hukuingiaka."

Kwa wifi yangu nilikuwa na maneno. Kwa Samy nilikuwa nayo, na kwa Mungu, ambaye nilikuwa nimemgombeza usiku kucha. Ningesema adabu, lakini ningesemaje adabu mbele ya ile mikono kama vijiti?

Muuguzi alileta uji kwenye kikombe, akaniuliza nani atamlisha. Nilivuta kiti nikakaa mbele ya mwanangu, uso kwa uso. Nilimtazama mdomo, nikapeleka kijiko. Alifunga, akafungua. Uji ulikaa ndani muda mrefu, shavu likitetemeka, kisha akameza, akinitazama kwa chuki ambayo sijawahi kuiona kwa mtu.

Nikajaza kijiko kingine.