Mama Oliva Aongea na Mwanawe

Miaka hiyo mkoa wa Manyara ulikuwa bado mpya, na karibu kila mtu mwenye mhuri alikuwa na shirika lake. Mimi, Mwalimu Patriki, niliyehamishiwa Endasak kutoka Songea kufundisha fizikia, sikutaka kuachwa nyuma. Nilimshawishi Mectilda, nesi wa zahanati, tukaanzisha kikundi cha kujitolea cha kuwasaidia watu wenye ulemavu kwa kompyuta. Wanachama tulikuwa sisi wawili. Mwenyekiti nilijiteua mwenyewe. Kabla hatujapata kompyuta hata moja, tayari nilikuwa na fulana iliyoandikwa jina langu mgongoni.

Kompyuta ilikuja baadaye, kuukuu, msaada wa rafiki mmoja wa parokia. Niliweka ndani yake programu ya bure inayosoma kwa sauti maandishi ya kwenye skrini. Ilisoma Kiswahili kama mtu aliyeziba pua, lakini ilieleweka.

Mkutano wa kwanza tuliufanyia katika ukumbi wa parokia. Niliazima projekta, nikaandaa picha za rangi kuhusu maajabu ya teknolojia, nikafunga madirisha ili zionekane vizuri. Nilipokolea nikauliza kwa fahari, "Huko nyuma mnaona?"

Mama mmoja aliyekaa benchi la mbele akasema kwa upole, "Mwalimu, hata huku mbele hatuoni."

Nusu ya wageni walikuwa hawaoni, na ni mimi niliyewaalika.

Nikatoka nje kupunga upepo. Mlangoni alisimama kijana mrefu, ananitazama tu, shikamoo hatoi. Hasira zangu zikapata pa kutokea. Nilimpa somo zima la adabu, nikamkumbusha kuheshimu waliomzidi umri na walimu hasa. Alinitazama mdomo kwa makini mpaka mwisho, akatabasamu.

"Umemaliza?" aliuliza Mectilda nyuma yangu. "Huyo ni Tadeo. Hasikii."

Tukirudi nyumbani akanieleza. Yule mama wa benchi la mbele, Mama Oliva, ndiye mama yake Tadeo. Kijana alipoteza uwezo wa kusikia kwa homa ya uti wa mgongo akiwa darasa la tatu, akapelekwa shule ya viziwi mkoa wa mbali. Alirudi mtu mzima, anajua lugha ya alama, anasoma na kuandika vizuri. Akamkuta mama yake amepofuka kwa presha ya macho. Mama haoni alama za mtoto, mtoto hasikii sauti ya mama. Zamani dada yake, Oliva, aliwaunganisha, lakini sasa alikuwa ameolewa Getanuwas.

"Wanaishi kwa kugusana," alisema Mectilda. "Akimgusa bega, chakula tayari. Akimgusa kiganja, ng'ombe wamerudi. Lakini kuongea, hapana. Hivi Tadeo akiandika, ile kompyuta si inaweza kumsomea mama yake?"

Kesho yake nilitangaza wazo hilo kila mahali kama langu.

Siku ya kulijaribu nilijaza watu nyumbani kwa Mama Oliva: mtendaji wa kata, katekista, majirani. Nilikuwa na hotuba kuhusu giza na nuru, Mectilda akaninyang'anya. Kamera lakini nilibaki nayo. Nilisubiri neno moja tu, "nakupenda mama", nipige picha ya kupeleka kwa wafadhili ambao bado hatukuwa nao.

"Shikamoo mama," nilisema. "Mwanao anakuandikia. Sikiliza."

Tadeo aliandika kwa muda mrefu, akafuta, akaandika tena. Kisha ile sauti ya pua ikatoka: "Mama. Kwa nini uliniacha shuleni? Likizo wenzangu walifuatwa na wazazi. Mimi nilibaki na mlinzi. Nilikukosea nini?"

Nikashusha kamera. Mtendaji akaanza kuichunguza kofia yake.

Mama Oliva alishika ukingo wa meza. "Ni yeye anayesema?"

"Ni yeye, mama."

"Mwambie... mwambie ndio mwaka macho yalianza kufa. Baba yake tulikuwa tumeshamzika. Nilipanda basi nimfuate, nikashuka Babati nikapotea stendi, watu wakanirudisha. Mwambie kila likizo nililia. Sikujua nimtume nani."

Nikakaa kwenye kompyuta kumwandikia Tadeo. Lakini mimi ni mwalimu, na mkono wangu haukuweza kuyaacha maneno yale yalivyo. Niliandika: "Mwanangu mpendwa, kutokana na changamoto za kiafya zilizonikabili..."

Tadeo akasoma, akakunja uso, akaivuta kompyuta kwake. Sauti ikatangaza: "Haya si maneno ya mama. Mama hajawahi kusema changamoto. Mwalimu, andika anachosema."

Majirani wakacheka. Mama Oliva akafuta machozi. "Kwani umeandika nini, mwalimu?"

Tadeo hakusikia swali, lakini alibonyeza, na mashine ikamsomea mama yake kila nilichoandika. Mama naye akacheka, huku bado analia.

Mectilda akanisukuma pembeni, akakaa yeye, akayaandika maneno kama yalivyotoka, na stendi, na kulia, na kutojua. Tadeo aliyasoma, akayarudia. Kisha akazunguka meza, akapiga magoti, akalaza kichwa mapajani kwa mama yake. Mama akaanza kumpapasa masikio, moja, halafu la pili. Mtendaji akawatoa wageni. Mimi nilibaki nimesimama na kamera yangu mpaka Mectilda aliponivuta fulana.

Baada ya hapo kompyuta ikabaki kwao, na ilibidi Mama Oliva ajifunze kuandika mwenyewe. Tulidondosha gundi juu ya herufi ili azitambue kwa vidole. Mimi nilianza na historia ya kompyuta. Alinivumilia mpaka Mectilda akaja kuniokoa, au kumwokoa yeye. Mahindi yalipovunwa alikuwa anaandika, polepole, bila nafasi kati ya maneno, na Tadeo anamwelewa. Walikuwa na miaka mingi ya kusemezana. Waligombana kuhusu shamba, kuhusu chumvi kwenye maharage, kuhusu marehemu baba.

Siku moja Mama Oliva akaniita. "Mwalimu, mashine yako haina siri. Juzi Tadeo kaniambia jambo la Juliana, binti wa jirani. Kabla sijajibu, jirani kajibu kutoka uani kwake!"

Nilikwenda Katesh nikanunua hedifoni. Nilipozileta nikapewa kigoda, nikakaa nione matokeo ya mradi. Mama Oliva akazivaa. Tadeo akaandika jambo, akanitupia jicho. Mama akasikiliza, akaziba mdomo kwa kanga, mabega yakatikisika kwa kicheko.

"Kasema nini, mama?" niliuliza.

"Mambo ya nyumbani, mwalimu. Kunywa chai."

Nikanywa chai.